Kadi ya Feni Tatu

Jumapili, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha jana jioni, na mimi naanza shajara hii kwa hasira. Bora niseme mapema, asije mtu akaisoma akidhani ni ya mapenzi.

Jana kwenye ukumbi wetu wa gemu, mbele za watu, Yule Bwana amesema mimi sijui kuendesha. Yule Bwana ni mtalaka wangu. Jina analo, ila sitaichafua karatasi nalo. Tuliishi pamoja miaka sita, tukaachana mwaka jana, na katika ndoa yote ile kitu kimoja tu tulikipenda sawasawa: gemu ya mbio za magari. Tulikuwa na kompyuta moja, tukipokezana usukani, raundi yake, raundi yangu. Kila kipande cha kompyuta ile nilikichagua mimi. Siku ya kugawana, yeye akabeba kompyuta, mimi nikabaki na usukani na pedeli zake. Yaani mwenzangu kachukua punda, mimi nimeachiwa kamba.

Jana mtu mmoja akamwuliza mbona siku hizi sionekani kwenye mashindano. Yule Bwana hakujua kwamba nimesimama nyuma yake, nakunja mwavuli. Akasema, "Nani, yule? Yule alikuwa anaendeshwa na mashine yangu. Mtoe kwenye mashine yangu uone, hata toroli hawezi kulisukuma." Watu wakacheka. Mwenye ukumbi naye akacheka, karanga tele mdomoni.

Mashindano ya msimu wa mvua yanaisha mwishoni mwa Mei. Kanuni ya ukumbi wetu ni moja tangu ulipofunguliwa: kila mtu aje na mashine yake, aibebe mwenyewe, aifunge na kuifungua mwenyewe. Basi nitaunda yangu. Nataka niwe kwenye ukumbi uleule, mbele ya watu walewale, kicheko kile kigeuke kimwelekee yeye. Mwaka huu sina haja nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimekata lenzi kutwa. Moja imepasukia mkononi, nilikuwa namfikiria.

Ijumaa, 7 Machi

Mimi ni fundi wa miwani. Daktari anapima macho chumba cha mbele, mimi chumba cha nyuma nakata lenzi hadi zikae kwenye fremu. Leo daktari ameletewa kompyuta mpya, na ile ya zamani ilikuwa imewekwa koridoni, kila mtu anajikwaa nayo. Nikamwuliza kama naweza kuichukua.

"Chukua, chukua," akasema. "Utakuwa umenisaidia kufagia."

Nimeifungua nyumbani. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, bado ina nguvu, na ndani ni kusafi kuliko nilivyotegemea. Kinachokosekana ni kitu kimoja tu, na ndicho kitu chenyewe: kadi ya grafiksi, ile inayochora picha kwenye skrini. Bila kadi ya maana, gari la mbio linakwenda kwa kurukaruka kama chura, na ukifika kwenye kona tayari umeshaingia ukutani.

Jumamosi, 8 Machi

Duka la Fundi Waya liko chini ya ngazi za kupandia ofisi ya mawakili, na limejaa vipande vya kompyuta hadi mtu anaingia kwa ubavu. Fundi ni kijana mwembamba, anaongea polepole, na hachomoi bisibisi sikioni hata akinywa chai.

"Kadi ya kuchezea nini, dada?"

"Ya kumshinda mtu."

"Mtu huyo anatumia ipi?"

Nikamtajia. Naijua, si mimi niliyemchagulia.

"Sasa wewe unataka kucheza au unataka kugombana?"

"Nipe inayoweza yote mawili."

Akaniwekea mbili mezani. Ya kwanza fupi, nyeusi, feni mbili, haina mbwembwe. Ya pili ndefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko, feni tatu, na taa zinazobadilika rangi. Sifichi, moyo ulikwenda kwa ile kubwa palepale. Nilijiona naingia nayo ukumbini ikiwaka, Yule Bwana anakohoa.

Fundi akaanza maswali. Pawa ya mashine yangu inatoa umeme kiasi gani? Sanduku lina nafasi? Skrini ni ya namna gani? Maana skrini ya zamani kuipa kadi kubwa ni sawa na kumlisha mtoto mchanga nyama. Nikamwambia sikuja kituo cha polisi. Nikaondoka nimenuna.

Jumapili, 9 Machi

Nimenuna, lakini nimepima. Ile kubwa itaingia kama nikikata kibati cha ndani kinachoshikilia diski. Nikachukua koleo nikaanza.

"Unabomoa nini huko?" Mama akauliza toka sebuleni. Tunaishi wawili, mimi na yeye.

"Natafuta nafasi ya kadi, Mama."

"Kadi ya harusi?"

"Mama!"

"Nimeuliza tu. Halafu mkwe wangu amepiga simu asubuhi, anakusalimu."

"Si mkwe wako tena."

"Wewe ndiye uliyeachana naye," akasema. "Mimi sikupewa talaka."

Koleo likanibana kidole. Hilo nalo nimemwandikia Yule Bwana kwenye hesabu yake.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimeota feni.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda kuinunua ile kubwa. Mkoba ulikuwa umeshafunguliwa. Sijui kwa nini, labda ni mazoea ya kazi, nikatoa mfukoni kile kioo cha kukuzia ninachotazamia mikwaruzo ya lenzi, nikakibana jichoni, nikaanza kuipekua kadi kama inavyostahili kupekuliwa.

Vichwa vya skrubu vilikuwa vimeliwa na bisibisi. Pembeni mwa vile vipande vidogo vya rangi ya kijivu vinavyobeba joto kulikuwa na mafuta yaliyovuja na kukauka. Feni moja ilikuwa mpya kuliko wenzake.

"Fundi," nikasema, "hii kadi imetoka wapi?"

Akashusha chuma chake cha kuchomelea. "Sasa umeuliza."

Akanieleza bila kuficha. Kadi imetoka kwenye banda la watu wanaochimba sarafu za mtandaoni. Huko kadi zinatundikwa kwa safu, zinafanya kazi usiku na mchana, hakuna kuzima. Imesafishwa, inafanya kazi, mchezo mfupi ataufurahia mtu. Lakini ukiiweka kwenye moto saa nzima mfululizo, yeye hawezi kuapa.

"Na ulikuwa unaniuzia?"

"Nimebandika hapo: inauzwa kama ilivyo. Anayeuliza namjibu ukweli wote. Asiyeuliza, nimkimbilie barabarani?"

Nilimwona mtu mwaminifu, kwa namna yake ya ajabu. Nikachukua ile ndogo. Naona aibu kidogo kuandika kwamba njiani niliificha ndani ya koti, na si kwa sababu ya mvua.

Jumapili, 16 Machi

Imekaa mahali pake kama lenzi kwenye fremu yake. Nimefunga usukani mezani, nimekanyaga pedeli, na gari limeondoka laini hadi nikacheka peke yangu. Mama amekuja kuchungulia.

"Hilo gari ni la nani?"

"Langu."

"Basi punguza mwendo."

Alhamisi, 20 Machi

Mazoezi. Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Mazoezi. Umeme umekatika nikiwa naongoza. Nimeitukana mvua, nayo ikaongeza.

Alhamisi, 27 Machi

Raundi ya kwanza. Nimebeba mashine yangu nimeifunga kwa blanketi na mfuko wa plastiki. Yule Bwana alikuwa mlangoni akipokea watu kama mwenye shughuli.

"Karibu, bibie. Umekuja kutazama?"

"Nimekuja kucheza."

Sanduku langu lina kioo ubavuni. Akainama, akachungulia. "Feni mbili," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Pole sana."

Nimeshinda raundi yangu. Mwenye ukumbi amesema mpinzani wangu alikuwa na mafua.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeshinda tena. Safari hii wamesema barabara ilikuwa rahisi. Maji yanaanza kudondoka chumbani kwa Mama, nimeweka sufuria.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Nilikwenda kwa Fundi Waya kununua ile dawa nyeupe ya kupaka juu ya prosesa ili isichemke. Mvua ilikuwa ya kumwaga. Nimesimama kwenye kaunta, nikasikia mtu anakung'uta viatu mlangoni, na kabla sijageuka nilishajua ni nani. Miaka sita nimesikia viatu vile vikikung'utwa.

Alikuwa amelowa hadi masikioni.

"Fundi, nimekwisha," akasema. "Paa limevuja juu ya mashine. Kadi imekufa, na wiki ijayo nina raundi."

Ndipo akaniona. Nilijiandaa kwa kejeli. Akasema tu, "Bibie." Nami nikasema, "Bwana."

Fundi akamwekea alizonazo. Ndogo moja, pacha wa yangu, na ile ya feni tatu, bado ipo, bado inang'aa. Yule Bwana hakuitazama ndogo hata kwa bahati mbaya. Aliinyanyua kubwa kwa mikono miwili, akaigeuza, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Fundi akaiunganisha na umeme, taa zikawaka, bluu, nyekundu, zambarau, na uso wa Yule Bwana ukawaka pamoja nazo. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mwenye jicho," akasema kwa sauti ya chini, si ile ya ukumbini. "Unaionaje?"

Nikamtazama Fundi. Fundi alikuwa kimya, anasubiri kuulizwa. Hakuulizwa. Yule Bwana hajawahi kumwuliza fundi yeyote kitu chochote; mafundi kwake ni watu wa kuambiwa. Anayemwuliza ni mimi, hata sasa, hata baada ya lile neno la toroli.

Neno moja lingetosha. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nikamkumbuka mwenye ukumbi na karanga zake, nikaona meno ya watu wote wale, na damu ikanichemka upya kama vile ni jana.

"Ina feni tatu," nikasema. "Yangu ina mbili."

"Basi nimekuzidi moja!" Akacheka, akatoa pochi.

Fundi akaizungushia kadi plastiki isilowe. Yule Bwana alipotoka, tukabaki wawili tunaitazama mvua.

"Hakuniuliza," Fundi akasema.

"Na mimi sikusema uongo."

"Hukusema," akakubali, akanipa dawa yangu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu bila kufungua mwavuli. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivi.

Jumapili, 13 Aprili

Nimelala fofofo. Atakayesema kisasi kinamnyima mtu usingizi hajawahi kulipiza.

Jumamosi, 19 Aprili

Yule Bwana ameshinda raundi yake. Watu wamejazana nyuma yake kutazama taa. Raundi hizi ni fupi, dakika chache tu, kadi haijapata hata jasho. Fainali ndiyo ya saa nzima. Nimejikuta naiombea kadi ya mtu uhai hadi siku hiyo, isije ikafa mapema kwenye mikono ya mpinzani asiye na maana.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimerudi kutoka kazini nikakuta sufuria la chumbani kwa Mama limerudi jikoni.

"Vipi, hakuvuji?"

"Mkwe wangu alikuja na turubai. Amepanda juu, ameziba."

"Amepanda kwenye paa letu? Mimi sipo?"

"Ungekuwepo angepanda?"

Nimeingia chumbani kukagua. Nilikuwa natafuta tone, hata moja, nimwite Mama nimwonyeshe. Hakuna. Kazi ameifanya vizuri, pembe zote amezikunja na kuzipigilia. Mvua yote hii na dari kavu kabisa. Nimekaa kitandani kwa Mama nikitamani livuje.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 3 Mei

Nimepita kwa Fundi Waya. Nilijifanya nataka waya.

"Yule aliyenunua ile kubwa," nikasema, "hajarudi kuuliza kitu?"

"Hajarudi."

"Ukimwona, si unaweza kumwambia tu?"

"Hajaniuliza, dada." Akaendelea kuchomelea. "Wewe alikuuliza."

Nilikuwa nampenda yule kijana. Leo nimeona maneno yake ni ya mtu anayesimama kando ya shimo na kuhesabu wanaotumbukia. Nimefika nyumbani ndipo nikatambua kwamba mimi nimesimama palepale, karibu zaidi na shimo. Basi na iwe hivyo. Hakuna aliyenionea huruma mimi nilipochekwa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeingia fainali. Yeye pia. Mwenye ukumbi amebandika tangazo mlangoni: WALIOKUWA MUME NA MKE. Nimelibandua. Amebandika lingine.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua ilikuwa inalitwanga paa la ukumbi hadi watu wakawa wanaongea kwa kupiga kelele. Hakukuwa na kiti kitupu. Yule Bwana alikuja na mashine yake ameifunga kwa shuka la maua. Shuka lile nililinunua mimi, wiki ya kwanza ya ndoa. Sikujua kama alilichukua.

Tukawekwa meza moja, ubavu kwa ubavu, kama zamani. Feni zake tatu zilikuwa zinavuma, taa zinacheza. Tulipoanza akanitangulia, nikamfuata. Anapofunga breki nafunga, anapopanua napanua. Kwa nusu saa hakuna aliyempita mwenzake, na watu walikuwa wameacha kupiga kelele. Mimi nilikuwa namsoma. Ule mpindo wa pili, wenye kona mbili zilizofuatana, yeye huwahi kushika breki, anaogopa ukuta. Nilikuwa namvizia palepale. Nilishamkaribia, pua ya gari langu iko kwenye tairi lake la nyuma, na mpindo umeanza kuonekana.

Gari lake likasimama.

Nikatupa jicho pembeni. Skrini yake ilikuwa imejaa vijiboksi vya kijani na waridi, halafu giza. Feni tatu zikapiga ukelele mmoja na kunyamaza. Harufu ya joto ikatufikia sote.

Kanuni inasema mwenye gari zima amalize. Nikaendesha peke yangu muda wote uliobaki, barabara tupu, ukumbi mzima unanitazama nazunguka. Nilipovuka mstari, mtu akapaza sauti toka nyuma: "Ushindi wa mezani!" Wakacheka. Kicheko kilekile.

Yule Bwana akasimama. "Mmeona wenyewe. Nilikuwa mbele. Mashine imeniangusha, yeye hakunishinda."

"Pokea, dada," mwenye ukumbi akanikabidhi kikombe. "Bahati nayo ni kipaji."

Nilikuwa nampita. Nataka liandikwe mahali: nilikuwa nampita. Dunia nzima tunaolijua hilo ni mimi na karatasi hii.

Jumapili, 25 Mei

Sina hamu ya kula. Nilitaka watu waseme ni mikono yangu, na mimi mwenyewe nimewapa sababu ya kuizungumzia mashine hadi wazeeke. Nilichimba shimo kumtumbukiza Yule Bwana, naye ameligeuza pango la kujificha. Atakaa humo maisha yake yote akisema alikuwa mbele.

Namchukia. Nachukia pia kwamba aliniuliza kwa ile sauti ya chini.

Mama amekitia kikombe vijiko. "Angalau kimepata kazi," anasema.

Jumatano, 28 Mei

Jua limetoka. Limenikera.

Ijumaa, 30 Mei

Nimekwenda kwa Fundi Waya.

"Kadi mbovu kuliko zote ulizonazo ni ipi? Nzima, lakini mbovu."

Akainama, akatoa kadi ya feni moja, kongwe, aliyokuwa anazuilia mlango usipigwe na upepo. Akaifuta kwa shati.

"Unataka kufanya nini nayo, dada?"

"Leo wewe ndiye umeuliza," nikasema, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaichomoa bisibisi sikioni, akaitia mfukoni pamoja na kadi, akasema kesho anafunga duka mapema.

Jumamosi, 31 Mei

Sikukiri kwa wema. Naliandika hili la kwanza, nisije nikajidanganya uzeeni. Nilikiri kwa sababu siri yangu ndiyo iliyokuwa maficho yake, na mimi nilitaka atoke nje.

Leo ilikuwa siku ya michezo ya kirafiki, ya kufungia msimu. Watu wote walikuwepo. Yule Bwana alikuwa na mashine yake, bila kadi, akimwonyesha kila mtu mahali palipoungua. Nikakiweka kikombe mezani kwa mwenye ukumbi.

"Hiki si changu," nikasema. "Ile kadi ya feni tatu nilijua imechoka. Aliniuliza dukani, fundi huyu hapa alikuwepo, nikamwacha ainunue."

Ukumbi ulilipuka. Mtu akaniita mchawi. Nilikuwa namtazama Yule Bwana tu. Kwanza aliumia, nilimwona, aliumia kweli, na kwa muda mfupi nilitamani nisiwe mimi. Kisha furaha ikaanza kumpanda usoni, furaha ya mtu aliyekabidhiwa hukumu aliyoitaka.

"Mmesikia?" akasema. "Mmesikia kwa mdomo wake?"

"Sijamaliza." Nikaifungua mashine yangu mbele yao, nikachomoa kadi. "Hii ndiyo niliyochezea msimu mzima. Nzima, haina ugonjwa. Mwulize fundi."

Alisita. Watu wakamwangalia. "Ni kweli?" akamwuliza Fundi, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Nzima kabisa," Fundi akasema.

"Iweke kwenye mashine yako," nikamwambia. "Mimi nitacheza na hii." Fundi akatoa ile kongwe mfukoni, na watu wakacheka kwa kweli, hata mimi ningecheka. "Saa nzima, barabara ileile. Ukinishinda, nitasimama juu ya kiti hiki niseme kwamba nilikuwa naendeshwa na mashine yako."

"Sina haja ya kuthibitisha—"

"Unaogopa toroli?"

Mwenye ukumbi akaacha kutafuna. "Cheza, bwana," akasema. "Tumeshakaa."

Fundi alizifunga kadi zote mbili, mbele ya macho ya wote. Kwenye mashine yangu nikazima kila kinachoweza kuzimwa ili ile kadi kongwe ipumue: majani, vivuli, mawingu, watazamaji, hadi anga. Ikabaki miti isiyo na matawi, barabara ya kijivu, kuta, na gari jekundu la Yule Bwana. Upande wake kulikuwa na jua linalozama kwenye vioo na matone ya maji barabarani. Niliitazama skrini yake mara moja, nikarudi kwangu. Kazini nimejifunza kwamba mtu hahitaji kuona kila kitu.

Anaendesha vizuri, Yule Bwana. Sijawahi kuliandika hilo humu, basi naliandika. Aliondoka mbele na akakaa mbele muda mrefu, na kila nilipojaribu kupita alinifungia njia kwa ustadi ambao nilimfundisha mimi na mwingine ambao sikumfundisha. Mikono iliniuma. Mara mbili picha yangu ilikwama kidogo, na mara zote mbili niliendesha kwa kukumbuka barabara, si kwa kuiona. Hakukuwa na mvua leo. Nilisikia watu wakipumua.

Ulipobaki mzunguko mmoja tukaingia kwenye ule mpindo wa kona mbili. Yeye akashika breki pale anaposhika siku zote. Mimi sikushika. Ukuta ukanijia mtupu, wa kijivu, bila kivuli wala rangi, nikasubiri, nikasubiri, nikakanyaga, nikazungusha, na nilipotoka upande wa pili gari jekundu halikuwepo mbele yangu. Nikavuka mstari nikiwa nimemwacha kwa urefu wa gari moja.

Hakuna aliyecheka. Msimu mzima nimekisubiri kile kicheko kigeuke, na kumbe hakikuja. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama yeye.

Akavua vifaa vya masikioni, akaviweka mezani taratibu.

"Subirini," akasema. "Subirini kidogo."

Akapiga magoti, akaingia chini ya meza kuangalia nyaya. Tulimwona akichomoa mmoja na kuurudisha, akachomoa mwingine, akaufuata kwa kidole hadi ukutani na kurudi. Mwenye ukumbi akamwita kwa jina, polepole, yeye akaendelea kupapasa. Nyaya zote zilikuwa mahali pake. Nilikunja blanketi langu, nikaibeba mashine yangu. Nilipoondoka alikuwa bado huko chini.